Mapigo Sabini na Sita

Saa tatu kasorobo asubuhi, muuguzi wa wodi ya wanaume alisogeza kando trei ya sindano, akapangusa meza kwa kiganja, akajipangia mbele yake chati arobaini na sita. Alijaribu kalamu kwenye ukingo wa gazeti kuukuu, ikatoa wino vizuri. Kisha akaanza kupika.

Kupika ndilo neno la wauguzi wenyewe. Chati ya mgonjwa ina mistari ya saa: saa kumi na mbili alfajiri, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni. Kwenye kila mstari muuguzi anatakiwa kuandika joto la mwili, mapigo ya moyo, pumzi na presha, baada ya kumpima mtu. Kumpima mtu mmoja sawasawa kunachukua dakika tano, hapo ukiwa na mashine nzima. Mashine ya presha ya wodi hii ilikuwa na mkanda unaovuja upepo, ikabidi muuguzi aukandamize kwa kidole gumba huku akipampu kwa mkono wa pili na kusoma kwa macho aliyobaki nayo. Vitanda arobaini na sita kwa dakika tano ni karibu saa nne nzima, na hapo hujachoma sindano, hujabadilisha dripu, hujafunga kidonda, wala hujamjibu mtu anayeuliza daktari anakuja lini. Kwa hiyo wauguzi walikaa mezani saa tatu, wakaandika ya saa nne, na kwa kuwa kalamu ilikuwa imekwishashikwa, wakamalizia na ya saa nane.

Huyu alikuwa mpishi hodari. Walimwita Mwandiko kwa sababu herufi zake zilisimama wima na tarakimu zake zilikaa katikati ya kisanduku bila kugusa ukingo. Alijua kwamba ukimpa kila mtu thelathini na sita nukta nane utashikwa mchana kweupe, kwa hiyo aligawa kwa busara: huyu thelathini na sita na nusu, yule thelathini na saba kamili. Aliyekuwa analalamika sana alimwongezea nukta mbili ili asione amedharauliwa.

Kwa haki, wauguzi wa zamu hiyo walikuwa wawili. Wa pili aliitwa Semina, na asubuhi hiyo alikuwa kwenye semina. Ilikuwa semina ya siku tano juu ya maadili ya uuguzi na namna ya kufanya uamuzi ulio sahihi kazini, pamoja na chai na vitafunio. Mwandiko naye alikuwa ameomba kwenda, akaambiwa haiwezekani, wodi itabaki na nani.

Kitanda cha ishirini na saba kilikuwa cha Mzee Mizani. Alikuwa mkaguzi mstaafu wa mizani na vipimo, mtu aliyezunguka madukani na sokoni kwa miaka thelathini na mmoja akiwa na sanduku la mawe ya shaba. Aliweka jiwe la kilo kwenye mizani ya muuza sukari, akatazama mshale, na kama mshale ulidanganya aliifunga mizani kwa waya na lakiri, akaondoka bila kugombana na mtu. Alilazwa kwa kidonda cha mguu kilichopasuliwa siku nne zilizopita. Alfajiri hiyo aliamka anatetemeka, meno yakigongana. Muuguzi wa zamu iliyopita alikuwa amemwandikia thelathini na sita nukta nane. Mwandiko, ambaye hakupenda kuvuruga chati inayoenda vizuri, alimwandikia saa nne thelathini na sita nukta saba, na saa nane thelathini na sita nukta nane tena, mapigo sabini na sita.

Jirani wa kitanda cha ishirini na nane alikuwa fundi saa aliyevunjika nyonga. Kati ya saa tatu na saa tano alimwita muuguzi mara tatu. "Sista, mzee hapa anaungua." Mara zote tatu Mwandiko aliitika, "Nakuja, baba." Mara ya kwanza alikwenda kitanda cha tatu, dripu ilikuwa imekauka. Mara ya pili alikwenda kitanda cha arobaini, mtu alikuwa ameanguka. Mara ya tatu alikuwa njiani kabisa, akashikwa mkono na mgonjwa wa kitanda cha ishirini na mbili aliyetaka kutapika, na mtu anayetaka kutapika haambiwi asubiri.

Alifika saa tano na nusu. Mzee Mizani alikuwa amekata roho. Mwandiko alimshika kifundo cha mkono, akahesabu dakika nzima, akakosa cha kuhesabu. Akavuta shuka amfunike uso.

Mzee akafumbua macho. "Chati yangu inasemaje?" aliuliza.

Mwandiko aliitoa kwenye ndoano miguuni mwa kitanda. "Mapigo sabini na sita, baba."

"Ya saa ngapi hayo?"

"Saa nane mchana."

Mzee aliinua mkono akaitazama saa yake. "Basi bado," alisema, akajikokota akaketi, akaomba mto wa mgongoni. Aliheshimu karatasi zenye sahihi maisha yake yote, na hakuona sababu ya kuanza utovu wa adabu siku hiyo.

Daktari wa zamu alipita saa sita. Alikuwa mtu mpole anayetembea upesi, kwa kuwa alikuwa na wodi tatu.

"Mzee, unajisikiaje leo?"

"Nimekufa, daktari."

"Tangu lini?"

"Tangu saa tano na dakika kumi na nne," alijibu fundi saa kutoka kitanda cha jirani. "Na saa yangu haipotezi hata sekunde."

Daktari alimsikiliza moyo upande wa kushoto, akamsikiliza na upande wa kulia kwa heshima tu. Akachukua chati. Akausoma mstari wa saa nane, akatazama saa ya ukutani, akausoma tena. "Siwezi kuandika kwamba mtu amekufa saa tano," alisema, "wakati saa nane ana mapigo sabini na sita. Nitaonekana sijui kazi." Akaandika mgonjwa aendelee na dawa zilezile, akahamia kwa fundi saa.

Metroni naye alikuja, maana habari za wodini hufika ofisini kwake kabla hazijatokea. Alikuwa mama mnene mwenye viatu visivyotoa sauti, na wodi zake zilinukia sabuni. Alimtazama Mzee Mizani, akaitazama chati, akaguna.

"Inatokea," alisema. "Wodi ya wanawake walikaa na mmoja tangu Alhamisi mpaka Jumapili, kisa mwanafunzi mmoja alijaza siku zote nne ili apate kwenda harusini. Mama wa watu alikuwa mtaratibu, aliwasaidia kukunja mashuka. Lakini kitanda hiki nakitaka, kuna mtu yuko kwenye machela tangu jana. Mtoeni akakae benchi la barazani."

Walipokuwa wanamhamisha, Metroni alimvuta Mwandiko pembeni, karibu na sinki. "Sikiliza, mwanangu. Ijumaa wanakuja wakaguzi kutoka makao makuu. Mwezi huu wodi hii haina kifo hata kimoja. Mwandikie mpaka Ijumaa jioni, wakiondoka tutamwacha mzee wetu apumzike. Mapigo uliyompa ni mazuri, usiyabadilishe."

"Sawa, Metroni," alisema Mwandiko, kama alivyozoea kusema.

Barazani palikuwa na upepo kidogo na benchi la mbao lililolegea mguu mmoja. Mzee Mizani aliketi upande ule mzima, mikono juu ya magoti. Mwandiko alimletea blanketi, ingawa hakuwa na baridi wala joto.

"Hukunipima," alisema mzee.

"Sikukupima, baba."

"Nilijua kabla hujafika. Fundi alinisomea chati. Nikasema huyu binti hajanigusa. Unajua nilivyokuwa nawakamata wauza duka? Mwenye mizani ya kweli, mizani yake ina kutu, ina unga, ina alama za vidole. Ya mwongo inang'aa. Chati yako inang'aa."

Mwandiko aliona aibu, na aibu hiyo ilikuwa ya kweli, ilimpanda shingoni mpaka masikioni. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amejisemea kwamba hakuna anayeumia, kwa kuwa mgonjwa anayeumwa kweli utamwona tu, atapiga kelele. Hakuwa amefikiria wale wasiopenda kusumbua.

"Wewe ni mmoja, sisi arobaini na sita," aliendelea mzee. "Nimehesabu. Sikulaumu kwa kutofika. Ninachokuuliza ni kimoja. Homa yangu asubuhi ilikuwa ngapi?"

"Sijui, baba."

"Hapo ndipo ninapokasirika," alisema Mzee Mizani bila kupandisha sauti. "Ningekufa na homa ya arobaini, ningekuwa mtu aliyekufa kwa homa. Sasa nimekufa sina chochote. Thelathini na sita nukta saba. Hata wewe mwenyewe hapo una zaidi yangu. Watasema nilikufa ghafla, mzee kaanguka tu, na kesho utapika tena, na yule aliyepewa kitanda changu atatetemeka hivyohivyo. Rekebisha chati yangu."

"Nikirekebisha utaondoka."

"Nilishaondoka. Hapa nimeshikiliwa na karatasi tu."

Mke wake alikuja saa saba, saa ya kutazama wagonjwa, na chupa ya chai na shati safi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, mwenye kutembea kama anayekwenda kumkatalia mtu. Alisimama mbele ya benchi.

"Mama watoto, nimekufa," alisema mumewe.

"Naona. Midomo imepauka." Aliweka chupa chini. "Mpaka saa ngapi?"

"Saa nane."

Mke aliketi. Alimvua shati la hospitali akamvisha lile safi, akamfunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Walizungumza mambo yao. Ufunguo wa sanduku la mawe ya shaba uko juu ya kabati, nyuma ya taa mbovu. Bati la jikoni linalovuja si lile wanalolidhania, ni la pili yake. Kisha mzee alikohoa kidogo, ingawa hakuwa na sababu ya kukohoa.

"Kuna jambo," alisema. "Mizani yako ya jikoni, ile niliyoifunga lakiri."

"Mwaka ule tuliogombana."

"Nilisema inapunja. Haikuwa inapunja. Ilikuwa sawa kabisa, mshale umesimama palepale panapotakiwa. Nilikuwa na hasira tu, wewe ulikuwa umenijibu mbele ya mama yangu. Katika miaka thelathini na mmoja hiyo ndiyo mizani pekee niliyoisingizia."

"Nilijua," alisema mke. "Nilikuwa naenda kupimia kwa jirani. Na lakiri yako niliikata mwaka wa pili, nikaifunga tena kila ulipokuwa unakaribia kurudi."

Mzee Mizani alicheka mpaka benchi likayumba kwenye ule mguu mbovu. Mke alicheka pia, kisha akaacha kucheka, akamshika mkono na kumsogelea karibu. Kwa nusu saa hivi hawakusema lolote la maana, na ilikuwa nusu saa nzuri kuliko nyingi walizopata wakiwa wote wazima.

Saa nane kasoro dakika ishirini, mke aliinuka akamfuata Mwandiko kwenye meza ya wauguzi.

"Mwanangu," alisema, "binti yetu yuko njiani. Atafika saa kumi. Nimeambiwa mume wangu anakaa kwa maandishi yako. Niandikie mstari mmoja. Saa kumi na mbili jioni tu, siombi zaidi. Amwone babaye akiwa anaongea."

Mwandiko alitazama kalamu. Ulikuwa mstari uleule alioagizwa na Metroni, kisanduku kilekile, tarakimu zilezile. Sekunde kumi za kazi. Wodi ingebaki na sifa yake, binti angemkuta babaye, na yeye angekwenda nyumbani saa nane na nusu akiwa na kazi yake na jina lake. Hakuna ambaye angemlaumu isipokuwa mtu mmoja, naye alikuwa amekufa.

Aliweka kalamu mezani.

"Mama, keti kwanza."

"Sitaketi. Muda hauna mchezo."

"Sikumpima mumeo," alisema Mwandiko. "Asubuhi alikuwa na homa, aliniita kupitia kwa jirani mara tatu, sikufika. Namba zilizoko pale nilizitoa kichwani saa tatu, kabla hata sijamwona. Kama ningempima ningemwita daktari. Labda angepona. Labda asingepona. Sijui, na kutokujua huko ni kosa langu."

Mke wa Mzee Mizani alimtazama. Uso wake haukubadilika, ila pumzi ndiyo iliyobadilika.

"Kwa hiyo uongo wa kumpoteza mume wangu ulikuwa na nafasi nao," alisema. "Wa kumngojea binti yangu ndio unaokushinda."

Yalikuwa maneno ya haki, na maneno ya haki hayajibiwi kwa kujitetea. Machozi yalimjaa Mwandiko, akayaacha.

"Nikiandika huo mstari, mama," alisema mwishowe, "itabidi niache na ile ya juu yake kama ilivyo. Itasomeka kwamba alikuwa mzima siku nzima. Hakuna atakayeuliza kitu. Mumeo ameniomba nisifanye hivyo. Lakini ni mumeo, na binti ni wako. Twende tumwulize mbele yako."

Walikwenda barazani. Mzee Mizani alikuwa ameinama anachunguza mguu wa benchi.

"Nimesikia," alisema. "Dirisha liko wazi. Mama watoto, mwanangu nampenda kuliko kitu chochote. Nikimngoja, nitamwambia nini? Nitamwambia naendelea vizuri, chati inasema hivyo. Sijapata kumdanganya yule mtoto kipimo. Mwambie nilimngoja mpaka nilipoweza."

"Yeye hatajali vipimo vyako," alisema mke. "Atataka kukuona tu."

"Najua," alisema mzee, na ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake kutikisika. "Najua, mke wangu. Binti, nipime."

Mwandiko alikwenda kuleta mashine. Alileta na kipimajoto, na saa ya fundi saa, ambaye aliivua mkononi mwenyewe bila kuombwa. Alipiga goti mbele ya benchi. Aliuzungusha mkanda kwenye mkono wa mzee, akakandamiza kwa kidole gumba pale unapovuja, akapampu, akaachia upepo polepole, akisikiliza. Aliweka kipimajoto kwapani akangoja dakika zake zote, hakupunguza hata moja. Alishika kifundo cha mkono akahesabu dakika nzima kwa saa isiyopoteza sekunde. Alitazama kifua kama kinapanda. Huku nyuma kitanda cha kumi na nane kiliita sista, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe Mwandiko hakusema anakuja.

Mzee Mizani aliyafuata yote hayo kwa macho, shingo mbele, kama fundi anayemtazama fundi mwenzake. "Mkanda ushushe kidogo," alisema mara moja. "Naam. Hapo."

Kisha Mwandiko aliichukua chati, akairekebisha kama walivyofundishwa mwaka wa kwanza chuoni: hufuti, huweki rangi nyeupe juu, unapiga mstari mmoja ili la chini lisomeke, unaweka sahihi, tarehe na saa. Kwenye saa nne alipiga mstari akaandika: Hakupimwa. Kwenye saa nane alipiga mstari juu ya sabini na sita akaandika: Mapigo hakuna. Pumzi hakuna. Presha haisomeki. Joto sawa na la baraza. Amepimwa saa nane kasoro dakika tatu. Mwandiko wake safari hii ulikwenda mshazari, na tone moja la chozi lilidondoka kwenye kisanduku cha presha.

Alimshikia mzee asome.

"Ina alama za vidole," alisema Mzee Mizani, akaridhika. Alimgeukia mkewe, akamrekebishia ukosi wa nguo uliokuwa umekunjika, akaegemea ukuta. Mke alimfumba macho, akaketi naye ubavuni mpaka machela ilipokuja.

Zamu ya Mwandiko iliisha saa nane na nusu. Hakuondoka. Binti alifika saa kumi na dakika tano, vumbi la safari likiwa bado kwenye nyusi, na Mwandiko akamwambia yote tangu mwanzo, akiwa amesimama, bila kuruka kitu. Binti alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeandika tu, dada," alisema. "Zilibaki saa mbili tu nifike. Ungeandika tu."

Mwandiko alimwambia anajua. Walilia wote wawili, kila mmoja upande wake wa benchi, na hakuna aliyembembeleza mwenzake.

Ijumaa wakaguzi walikuja wakaenda. Jumatatu Mwandiko alipewa barua ya onyo kwa kuchafua kumbukumbu za hospitali kwa kupigapiga mistari. Yeye naye alikuwa ameandika maelezo ya kurasa tatu: mgonjwa hakupimwa, wagonjwa ni arobaini na sita, muuguzi ni mmoja, mkanda unavuja. Ofisi ilijibu kwamba maelezo yamepokelewa na kwamba yameandikwa kwa mwandiko wa kuvutia. Kifo cha Mzee Mizani kiliandikwa cha ghafla, kwa sababu fomu haikuwa na kisanduku cha hakupimwa.

Semina alirudi na cheti, na mkoba wa kitambaa ulioandikwa Maadili Kwanza. Baada ya wiki mbili aliitwa kwenye semina ya marudio.

Benchi la barazani lilitengenezwa mguu, likapakwa rangi ya kijani, yakaongezwa mengine mawili, maana wodi nyingine nazo zilikuwa na watu wao wanaongoja saa zao. Wakikaa vizuri wanaenea kumi na wanane. Mjane wa Mzee Mizani alipokuja kuchukua karatasi ya kifo aliwakuta. Alipita mbele ya Mwandiko bila kumsalimia, akaketi karibu na mzee mmoja ambaye hakuwa na mgeni, akamuuliza mpaka saa ngapi. Aliambiwa mpaka kesho jioni. Alimmiminia chai, na mzee akaishika ili mikono isikae bure. Wiki iliyofuata alikuja tena, akiwa na chupa kubwa zaidi, na siku hiyo alimsalimia Mwandiko, ila kwa kichwa tu.

Uongozi haukukaa kimya. Baada ya kikao cha siku mbili ulikiri kwamba wauguzi wana mzigo mzito, na kwamba kujaza chati kunawapotezea muda. Mwezi uliofuata zikaja chati mpya, karatasi nene, nembo juu, zikiwa zimeshapigwa chapa kiwandani: thelathini na sita nukta nane, mapigo sabini na sita, pumzi kumi na nane, presha mia na ishirini kwa themanini, mistari yote, wiki nzima. Vifo vilipungua hapohapo, na Metroni alipewa cheti chenye fremu.

Mwandiko hapiki tena. Kila asubuhi saa tatu anaanza kitanda cha kwanza, kidole gumba kwenye mkanda, na saa aliyoachiwa na fundi saa siku alipotoka. Anapima dakika tano, anapiga mstari mmoja juu ya chapa ya kiwanda, anaandika alichokiona, anaweka sahihi, tarehe na saa. Tangu aanze hivyo ameshakamata homa tatu na presha moja, na watu hao wanne walikwenda makwao kwa miguu yao. Amepewa barua nyingine mbili za onyo. Kwa mwendo huo, ikifika saa ya kubadilishana zamu, huwa amefika kitanda cha kumi na tisa.

Kuanzia kitanda cha ishirini, wote wanaendelea vizuri.